Uliishia Ukurasa Gani? Nilivyokusanya Maoni ya Wasomaji Wangu wa Lamu

Nilistaafu ualimu nikiwa na vitabu 31 vya Kiswahili. Nilikuwa nimevinunua Mombasa kimoja kimoja kwa miaka mingi, nikavileta kwa basi hadi Mokowe upande wa bara, kisha nikavivusha kwa mashua hadi Lamu vikiwa vimefungwa kwenye nailoni ili visiingiwe na maji ya chumvi. Vilikaa kabatini mwangu huku mtaa wa Langoni, na kila aliyekuja kunijulia hali alivitazama na kuvisifu bila kukigusa hata kimoja. Jambo hilo liliniuma. Mwezi wa Mei 2023, kusi liliposhika na vyombo vingi vikawa vimefungwa kwa sababu bahari ilikuwa imechafuka, niliamua kuanza kuviazimisha. Mimi ndiye niliyempendekezea kila mtu kitabu kwa kadiri nilivyomfahamu, na sharti langu lilikuwa moja: atakaponirudishia aniambie alichokiona ndani yake, nami niliandike neno lake katika daftari kama alivyolitamka, ili nijue nimpe nani baada yake.

Miezi mitatu ya kwanza sikupata kitu. Daftari lilijaa neno moja, "kizuri", na pale msomaji alipojitahidi zaidi liliandikwa "kizuri sana, kina mafunzo". Nilidhani watu hawasomi, kumbe nilikuwa nimesahau adabu ya kwetu. Mtu akikukaribisha chakula huli kisha ukakitia ila mbele ya uso wake, na kitabu nilichompa kwa mkono wangu kilikuwa katika hali hiyohiyo. Isitoshe, wengi wao niliwahi kuwafundisha, na walipoona daftari na kalamu walihisi wamerudi darasani kufanyiwa mtihani, ambako jibu salama daima ni kwamba mwandishi amefaulu.

Siku moja mama mmoja anayeshona kofia za vito alinirudishia *Kusadikika*, riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951, akasema ni kizuri sana. Nilipokifungua baada ya yeye kuondoka nilikuta uzi mweupe wa kushonea kofia aliouweka kuwa alama, na haukuwa umefika hata nusu ya kitabu. Kesho yake nilimfuata kwake, nikamsalimu, na badala ya kumuuliza kama alikipenda nikamwambia, "Dada, naona uliishia hapa. Ni nini kilichokusimamisha?" Alicheka kidogo kwa haya, kisha akaniambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia katika miaka yote ya kukifundisha kitabu hicho. Alisema Karama, mshtakiwa wa riwaya ile, anaposimama barazani kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita, na kila mjumbe anatumwa, anasafiri, anarudi na jambo la kuifaa nchi, kisha anatiwa kifungoni. "Huyu wa tatu alipoondoka, Mwalimu, nilikwisha kujua atarudi afungwe. Nikamwonea huruma, nikamwacha njiani." Hayo yalikuwa maoni kamili, tena ya mtu aliyesoma kwa moyo. Nilimshauri akisome tena kwa namna nyingine, mjumbe mmoja kila usiku, akiwasomea wanawe kwa sauti kama hadithi. Usiku wa saba alikileta akiwa amekimaliza, akaniambia kuwa wanawe ndio waliouliza kwa nini watu wa nchi ile hawakusema neno tangu kilipoanza kifungo cha kwanza.

Tangu siku hiyo niliacha kabisa kuuliza kama kitabu ni kizuri. Swali langu likawa uliishia wapi, na kwa aliyemaliza, ni wapi alipotaka kukiacha. Kwa swali hili msomaji haambiwi amhukumu mwandishi, wala mimi niliyekipendekeza. Anaeleza safari yake tu, na maoni yake yanajitokeza yenyewe.

Kitabu kilichonipa kazi kubwa ni *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi. Kilitoka mwaka 1971, na kiliwahi kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania. Fundi mmoja anayechonga milango alinijia akitaka kitabu cha kumpa bintiye aliyekuwa kidato cha nne. Nilimpa hicho, lakini nikamwomba akisome yeye kwanza, kwa kuwa yamo ndani yake mambo mazito yanayompata msichana. Baada ya siku mbili alikirudisha na uso umekunjamana. Aliniambia, "Mwalimu, nakuheshimu, lakini hiki si kitabu cha kumpa mtoto wa kike." Kwa desturi yangu ya zamani ningeomba radhi na mambo yangekwisha. Safari hii nilimkaribisha chai, nikamuuliza aliishia wapi. Alikuwa ameishia mwanzoni tu, mahali ambapo Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na kijana Charles. Nikamuuliza ni nini hasa kilichomkasirisha katika ukurasa ule. Alikaa kimya muda mrefu akizungusha kikombe mkononi, kisha akakichukua kitabu, akaondoka nacho bila kunijibu.

Alikaa nacho wiki tatu. Aliporudi alinitaka niandike mbele yake, na nikaandika hivi: "Nilidhani kitabu kinamfundisha msichana ubaya. Kinamsema baba." Hata hivyo aliongeza kuwa hatampa bintiye mpaka amalize shule, nami niliyaandika maneno hayo chini ya yale ya kwanza bila kuyabishia. Wapo wasomaji wenzangu walioniambia kwamba ningemshawishi zaidi. Sikuona hivyo na hata sasa sioni hivyo, kwa sababu mtu aliyebadilisha fikira zake kuhusu kitabu ndani ya wiki tatu anastahili kuachiwa nafasi ya kuamua linalobaki.

Upande wa wanawake nilifanya kwa njia tofauti, kwani wapo bibi zetu ambao macho yamechoka na wapo vijana ambao hawapendi kusoma peke yao. Tulikutana nyumbani kwa bi mkubwa mmoja wa mtaa wa Mkomani baada ya sala ya alasiri, tukiwa saba au wanane, nami nikasoma kwa sauti. Yeye hakusema kitabu; alisema "chuo", na vikiwa vingi alisema "zuo", kama wazee wa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, walivyozoea. Alichotaka kisomwe ni *Utendi wa Mwana Kupona*. Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake, na miaka michache baadaye alifariki. Bi mkubwa alizijua beti nyingi kwa moyo, na kila nilipokosea mahadhi alinisahihisha kwa upole.

Tulipofika kwenye beti za kumtumikia mume, za kumkanda na kumpepea akiwa amelala, mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa karibu kuolewa alisema, "Shangazi, hapa ndipo ninapoishia mimi kila mara." Alieleza kwamba tangu utotoni alisikia beti hizo zikitolewa harusini kama amri, na hakuwahi kusikia mtu akitaja mtungaji alikuwa katika hali gani. Bi mkubwa hakukasirika. Alimwambia, "Mwanangu, umesimama mahali pa mume. Endelea hadi mahali pa dua, umsikilize mgonjwa anavyomwomba Mola wake, kisha uniambie ni nani anayesema na anamwambia nani." Tukasoma hadi mwisho. Binti akasema kwamba sasa anausikia kama wasia wa mama anayejua kuwa anaondoka, na kwamba kwa wasia huo machozi yanamjia. Ila wasia wa mama kwa mwanawe haufai kufanywa fimbo na mama mkwe. Mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake ni kupaka hina, aliongeza jambo ambalo mimi sikulifikiria kamwe: katika utendi mzima anayesema ni mwanamke, na mume tunamjua kwa kinywa chake tu.

Niliyaandika yote matatu katika ukurasa mmoja, na naliona daftari langu halina ukurasa bora kuliko huo. Vitini vya mitihani tulivyotumia shuleni viliorodhesha "maudhui" na "nafasi ya mwanamke" kwa nukta zilizokaririwa, na nasikitika kwamba kwa miaka mingi niliwapa watoto nukta hizo kabla hawajapata nafasi ya kuniambia wenyewe ni wapi waliposimama.

Wanaume walikuwa na kitabu chao, na hicho ni *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na nakala ya Kiingereza ilikaa kabatini kwangu miaka mingi bila kuombwa na mtu. Ya Kiswahili haikukaa hata wiki. Nilimpa nahodha mmoja wa jahazi, nikijua kwamba habari ya mtoto Yusuf, aliyetolewa na babake akiwa na miaka 12 kwa sababu ya deni, akafuatana na msafara wa mfanyabiashara hadi bara, itamgusa mtu aliyeingia chomboni akiwa mdogo. Nahodha hakuishia popote, alikimaliza, lakini alinirudishia kwa hasira ya kweli. Alisema, "Nimekwenda na mtoto huyu safari nzima, Mwalimu, nimeumwa na mbu pamoja naye, kisha mwishoni anawakimbilia askari wa Kijerumani. Kwa nini asibaki?"

Aliipeleka hasira yake dakani, kwenye baraza la mlangoni, na kwa jioni mbili waliokaa pale walishindana kama Yusuf alikuwa na njia nyingine. Mzee mmoja alishika neno "rehani". Alisema mtu aliyewekwa rehani akiwa mtoto hajapata kufundishwa kukaa mahali kwa hiari yake, hivyo kumuuliza kwa nini hakubaki ni kumuuliza alichonyimwa. Nahodha hakukubali, lakini aliniomba kitabu mara ya pili.

Hapo nilifanya kosa ambalo nataka wengine walijue. Nilidhani maoni haya ni mazuri mno kufichwa daftarini, nikayaandika kwenye karatasi na kuzibandika ndani ya majalada, ili anayeazima ayaone kwanza. Wasomaji watatu waliofuata wa *Peponi* wote walinirudishia maoni ya nahodha, karibu kwa maneno yake yaleyale, maana walisoma wakingoja kuudhiwa na mwisho. Nilizibandua karatasi zote. Sasa daftari linakaa kwangu, na msomaji anaonyeshwa ya wenzake baada ya kutoa yake. Anapochagua kitabu namwambia jambo moja tu, kwamba mshona kofia aliishia kwa mjumbe wa tatu, au kwamba fundi aliishia kwenye kipigo, kisha yeye mwenyewe anapima kama ana nguvu za kupita pale.

Vingine havikuhitaji maarifa. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla kilizunguka kwa vijana wa mashua bila kupumzika, na lawama pekee niliyoandika ni ya kijana aliyeona Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, anawaficha wasomaji mambo aliyokwisha kuyang'amua. *Siku Njema* cha Ken Walibora walikwisha kukisoma shuleni wengi wao, na waliotaka kukirudia walikirudia kwa furaha.

*Sauti ya Dhiki* kilikuwa kigumu zaidi. Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi yale akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na diwani ikachapishwa mwaka 1973. Vijana wanne walikirudisha mapema, wakasema Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kimewashinda, jambo ambalo sikulitarajia kwa watoto wa pwani. Nikampa mzee mmoja ambaye kwake lugha ile haikuwa na kizuizi. Alikisoma polepole, shairi moja kwa siku, akaniambia kuwa alipokuwa kijana alipita chini ya ukuta wa Ngome yetu kila siku, wakati huo ikiwa bado ni gereza, kwani gereza lilihamishwa mwaka 1984, na hakuwahi hata mara moja kujiuliza kama kuna mtu ndani anayetunga. Alitaka neno hilo liandikwe, nikaliandika. Baadaye nilimwomba awasomee wale vijana wanne mashairi machache na kuwafafanulia maneno, na wawili kati yao wamekiazima tena.

Mapema mwaka 2024, mara baada ya matokeo ya mitihani kutoka, binti wa yule fundi wa milango alinijia peke yake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alinisalimu, akakaa, akaniambia kwamba babake amemtuma achukue kile kitabu cha Rosa, na kwamba amemwambia asisimame mwanzoni. Nilimpa. Katika ukurasa wa kipigo fundi alikuwa ameacha alama ndogo ya penseli, kama ile anayoitia kwenye ubao kabla ya kuukata, nami sikuifuta. Chini ya maneno mawili ya babake nimeacha nafasi ya mistari kadhaa daftarini. Bado hajakirudisha.