Inkishafi kwa wabeba boksi: namna ya kuisoma ukiwa mbali

Wengi wetu huku ughaibuni tunaijua Inkishafi, lile shairi la kale la Kiswahili, kwa jina tu. Ilipita darasani kama jibu la mtihani: nani alitunga, dhamira ni ipi, taja tamathali tatu. Baadaye mtu anajikuta na miaka kadhaa ya kubeba boksi mgongoni, usiku hauna usingizi na simu imejaa video za kumtia moyo zinazosahaulika kabla ya asubuhi. Anaitafuta, anaifungua, na beti ya tatu inamshinda. Halali yake kushindwa. Kitabu hiki hakikuandikwa kwa Kiswahili cha gazeti, wala hakisomwi kwa mwendo wa gazeti. Ukijua njia ya kuingilia, ni moja ya kazi chache za lugha yetu unazoweza kuzirudia mwaka hata mwaka zisikuishie.

Aliyetunga ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa masharifu wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya karibu na Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Pate ilikuwa dola la wafanyabiashara, yenye nyumba za mawe na watu waliojua kuvaa. Mivutano na vita viliichosha, na kwenye mwaka 1812 hivi ikashindwa na Lamu katika Vita vya Shela. Mshairi anatazama majumba ya matajiri yaliyobaki magofu, halafu anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuhoji: wewe unangoja nini? Hilo la moyo ni la kushika tangu mwanzo. Anayesutwa ni yeye anayesema, si jirani, si matajiri, si wewe msomaji. Ndiyo maana maneno makali namna ile hayachomi kama mahubiri.

Sasa fikiria dua kubwa ya mtu wa ughaibuni ni ipi. Nyumba. Miaka inakatika kwa kutuma hela za tofali, za bati, za geti, za vigae. Nyumba inakamilika na inafungwa kufuli, mlinzi analala chumba cha uani, sebule ina makochi yenye nailoni bado. Inkishafi inagusa hapo hapo. Inahesabu vitu kwa upendo kabisa: taa za kioo na za shaba zilizofanya usiku uwe kama mchana, vyombo vya China vilivyoteuliwa, vitanda vyenye magodoro na mito ya kijani kichwani na miguuni. Huyu si mtu aliyechukia vitu vizuri. Kisha inakuja mishororo hii:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Madaka ni vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani katika nyumba za mawe za Pate na Lamu, safu juu ya safu, vya kupanga sahani za thamani. Zisahani ni visahani. Nyuni ni ndege. Vishubaka vya sahani, sasa wamelala humo makinda ya ndege. Tundu ni lile lile, kipimo ni kile kile, sahani imetoka na kinda limeingia. Mshairi hakusema kwamba dunia haina maana. Amekuonyesha kishubaka, basi. Anayesoma huku ana nyumba ya vyumba vinne asiyoilalia hahitaji kufafanuliwa zaidi, na faraja yake, kwa maoni yetu, iko papo hapo: kuna mtu aliyeliona jambo hili mapema kuliko wewe, akalitazama bila kupepesa, na bado akapata nguvu ya kupanga vina.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza matini. Chapa inayopatikana zaidi katika maktaba za ughaibuni ni ya William Hichens, iliyotoka London mwaka 1939 na kurudiwa mwaka 1972. Ipo pia ya James de Vere Allen ya mwaka 1977. Usikate tamaa kama mji wako hauna chuo chenye masomo ya Kiafrika. Nenda maktaba ya kawaida, ulizia huduma ya kuazima kitabu kutoka maktaba nyingine, uwape jina la mhariri na mwaka, kwa sababu jina Al-Inkishafi peke yake huandikwa kwa tahajia tofauti na mtu wa kaunta hatalipata. Aliye karibu na London ana bahati zaidi: maktaba ya chuo cha SOAS imehifadhi miswada mingi ya mashairi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Vipande vinavyozunguka mitandaoni vitumie kwa tahadhari. Mara nyingi beti zimeunganishwa ovyo, mshororo wa nne umekatwa, na aliyenakili "amesahihisha" Kiamu, lahaja ya Lamu, kiwe sanifu, akavunja mizani bila kujua.

Pili, usianzie kwenye tafsiri ya Kiingereza inayoambatana na shairi. Ile ya Hichens ni ya Kiingereza cha kizamani, cha kanisani, na itakufanya uamini kwamba shairi lina jazba ya kilio. Halina. Asili yake ni kavu, na penye dhihaka ina dhihaka. Tumia tafsiri kama ngazi ya dharura: soma beti kwanza, jaribu, ukikwama ndipo uchungulie.

Kiamu kinatisha kwa siku chache tu. Ukishika mambo matano, zaidi ya nusu ya shairi inafunguka. Penye vi- ya sanifu pana zi-, kama zisahani. Penye j mara nyingi pana y au hapana kitu: yua ni jua, mai ni maji, mui ni mji. Penye nj pana nd: ndia ni njia, nde ni nje. Penye ch mara nyingine pana t: mato ni macho. Na la tano, lililo kubwa kuliko yote, kitenzi kinachoishia -iye au -ye kina maana ya -me-: walaliye ni wamelala. Yaliyobaki ni msamiati, na hapa mtego mbaya ni neno unalodhani unalijua. Kuna beti inayozungumzia "mwenye nyota" anayekimbilia maji. Msomaji wa haraka anaona mtu wa bahati njema. Nyota pale ni kiu. Mtu ana kiu, ameona mazigazi, yale maji ya uongo ya jua la utosi, anakimbia kuteka. Ukikosea neno hilo moja, beti nzima inakuwa kitendawili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina maneno mengi ya namna hii, kwa hiyo uwe nayo mkononi hata kwa neno unaloliamini.

Tatu, mizani. Beti ina mishororo minne. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne unaishia -ye tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Mshororo una mizani (silabi) 11, na baada ya sita pana kituo kidogo: Ma-da-ka-ya-nyu-mba, pumzika, ya-zi-sa-ha-ni. Chukua penseli uweke alama ya mkwaju (/) baada ya mizani ya sita katika kila mshororo wa beti unayoisoma. Inaonekana ni kazi ya mtoto wa shule, lakini ndiyo inayogeuza maandishi kuwa sauti. Ukikuta mshororo umepungua au umezidi, shuku kwanza namna ulivyotamka neno la Kiarabu, halafu shuku chapa, mshairi umshuku mwisho.

Kuhusu chapa kutofautiana, sababu ipo. Shairi liliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa desturi ya zamani hazikutenganisha i na e, wala u na o, na herufi moja ilibeba sauti zaidi ya moja za Kiswahili. Kila aliyeligeuza kuwa hati za Kirumi alilazimika kuamua. Kwa hiyo vitabu viwili vikigombana juu ya neno, usidhani kimoja ni cha bandia. Andika yote mawili pembeni, soma beti kwa kila namna, kisha chagua lile linalokaa kwenye mizani na maana kwa pamoja.

Kuhusu mwendo, pupa ndiyo inayoua. Shairi halifiki beti 80, mtu anaweza kulimaliza ndani ya basi akienda zamu, na hatabaki na kitu. Beti tano kwa juma zinatosha. Zinakili kwa mkono kwenye daftari, kurasa mbili zikitazamana: kulia maneno ya mshairi kama yalivyo, kushoto sentensi zako za sanifu, hata zikiwa mbovu. Zisome kwa sauti siku zote saba, chumbani au kwenye gari lililoegeshwa, mlango umefungwa. Kwenye simu haifai sana. Skrini huonyesha beti moja na nusu, inakatiza -ye ya mshororo wa nne, na ujumbe wa mtu anayeomba hela unaingia katikati ya kituo.

Mpangilio nao una maana. Mwanzo ni bismillahi, sifa za Mungu na sala kwa Mtume na maswahaba, kama ada ya tungo za Waswahili. Hapo ndipo wengi huachia njiani, wakidhani shairi zima ni utangulizi. Pita polepole lakini usikwame. Baada yake moyo unaanza kuhojiwa, na dunia inapigiwa mifano mmoja baada ya mwingine: bahari chafu yenye matumbawe, mzoga unaogombewa na mbwa, kisima chenye ng'ombe anayempiga pembe kila asogeaye kunywa, vumbi linaloonekana katika mwale wa jua upenyao dirishani, ukilikamata mkono mtupu. Kaa hapa majuma mengi utakavyo. Huo wa vumbi ni wa kujaribiwa: subiri jua la asubuhi, funga pazia likaribie kukutana, tazama chembe zikielea, kamata. Sehemu ya majumba na magofu inafuata, na hiyo ndiyo moyo wa kitabu.

Mwishoni yanakuja makaburi na mioto ya akhera, mmoja mmoja kwa jina lake. Shairi linaishia huko, halipandi kwenda peponi. Anayetafuta kitulizo asiisome sehemu hii usiku wa manane akiwa peke yake, na asikihukumu kitabu kwa kurasa zake za mwisho. Aliyefiwa juzi, hasa aliyeshindwa kusafiri kwenda kuzika, aache Inkishafi rafuni kwa miezi kadhaa, kwa sababu beti za kaburi zina maelezo ya mwili ambayo huzuni mbichi haiyawezi. Na aliye na majuma hapati usingizi wala hali chakula, huyo anahitaji daktari kabla ya mshairi.

Kwa Mkristo atakayeuliza kama kitabu kinamhusu: ni cha Kiislamu waziwazi, hakijifichi, lakini aliyewahi kusoma Mhubiri katika Biblia atatambua sauti ya kindugu tangu beti za dunia.

Kwa wenye huzuni mbichi, au kwa majuma ambayo Inkishafi ni nzito, kuna jirani yake wa visiwa vile vile: utendi wa Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, aliomtungia bintiye mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Mizani ni nane tu kwa mshororo, na lugha ni nyepesi zaidi:

maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sijapata kutamka
neno lema kukwambia

Hesabu ukitaka: si-ja-pa-ta-ku-ta-m-ka. Ile m peke yake ni mizani kamili, na wanaoimeza husema mshororo una kasoro. Mama aliyekosa nafasi ya kuzungumza na mwanawe kwa mwaka mzima, hilo nalo halihitaji kufafanuliwa kwa watu wanaoishi kwa simu. Beti za katikati ni mafunzo ya mke kumtumikia mume, na wasomaji wa leo wanazibishia vikali. Zibishie, au ziruke. Zilizo hazina ni dua za mwishoni, anapojiombea afya na kuwaombea watoto na ndugu zake. Hizo zinasomeka hata na aliyechoka kabisa, beti mbili tatu kabla ya kuzima taa.

Tungo hizi zimebebwa kwa sauti kabla ya karatasi, kwa hiyo itafute sauti. Kama una bibi, shangazi au mwalimu wa madrasa upande wa Lamu, muombe akurekodie beti tano unazosoma juma hilo. Umtumie picha ya ukurasa na usimwambie "niimbie Inkishafi", maana atakutumia anazozikumbuka na mpangilio utakupotea. Rekodi ya dakika mbili inatosha. Sikiliza anapopumua, linganisha na mikwaju yako ya penseli. Asipopumua baada ya mizani ya sita, futa alama yako na ufuate pumzi yake.