Konsoli kwanza, umeme baadaye

Ukinikabidhi ruta mpya, umeme ndio nitakaouunganisha karibu na mwisho. Wenzangu hunicheka kwa hilo. Wao huwasha kwanza ili waone taa, kana kwamba taa ya kijani inaeleza chochote zaidi ya kwamba umeme umefika.

Naanza na waya wa athi, ule wa kijani wenye mistari ya njano. Unakazwa kwa skrubu kwenye ganda la chuma la ruta, upande wa pili unakwenda kwenye athi ya raki, yaani fremu ya chuma inayobeba vifaa. Penye rangi nakwangua hadi chuma king'ae, maana rangi huzuia umeme kupita. Siku ya kung'oa ruta, huo ndio waya wa mwisho kufunguliwa.

Halafu kebo ya konsoli, ile inayounganisha laptopu na ruta moja kwa moja ili uiongoze kwa maandishi. Kichwa chake cha RJ-45 hakina tofauti na cha kebo ya mtandao, ndiyo maana watu huichomeka kwenye poti ya data kisha wakakaa kusubiri. Laptopu nyingi siku hizi hazina poti ya siriali, kwa hiyo utahitaji adapta ya USB na draiva yake. Ipakue mapema, kwa sababu mtandao wa kuipakulia ndio huo hujaujenga.

Kwenye PuTTY, programu ya laptopu inayoonyesha maandishi ya konsoli, naweka kasi 9600, biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kusimamisha. Ruta nyingi za kampuni ya MikroTik hutaka 115200. Ukiona maandishi yamegeuka takataka, kasi ndiyo mbaya. Ukiona yanasomeka vizuri lakini ukiandika hakuna kinachotokea, nenda kwenye udhibiti wa mtiririko wa data uuzime. Hicho kidude kinakera kuliko vyote.

Sasa ndipo nawasha. Tangu mstari wa kwanza naona kumbukumbu (RAM) ikikaguliwa, programu ikipakiwa, na feni mbovu ikilalamika kwa maandishi. Aliyechomeka konsoli baadaye amekosa yote hayo.

Ruta yenye pawa saplai mbili, kila moja ipate chanzo chake cha umeme. Kuzichomeka zote kwenye UPS moja, yaani betri ya akiba, ni mapambo tu: hiyo ikizima, zote zinazima.

Na poti ya usimamizi, ile ya Ethernet ya kuiongozea ruta kutoka mbali, naipeleka kwenye swichi yake peke yake. Ukiiweka kwenye swichi ya watumiaji, siku swichi hiyo ikikwama utafungiwa nje pamoja nao, na itabidi uichukue kebo ya konsoli uende kwa miguu.