Vitambaa vya Shangazi

Kila nikikaa na watu wanaokusanya sarafu za kale, hatuachani bila kubishana juu ya namna ya kuzipanga. Chanzo ni asubuhi moja ya masika, mwaka 1996, Kilwa Kisiwani.

Nilikuwa na miaka 14, nimekwenda likizo kwa shangazi. Kule mvua kubwa ikishanyesha, maji huchukua udongo wa juu, na ukipita shambani macho chini unaona vigae, shanga, na mara moja moja pesa ya shaba, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imeshika kutu ya kijani. Shangazi alikuwa akiziokota tangu usichana wake. Maandishi yake hakuyajua, lakini alikuwa na utaratibu: kila mahali na kitambaa chake. Za Husuni Kubwa, magofu ya jumba la masultani, alizifunga kwenye kipande cha kanga nyekundu. Za ufukweni, mbele ya Gereza, ile ngome ya kale, kipande cha buluu. Za karibu na Msikiti Mkuu, cheupe. Vifundo kumi hivi, vyote ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamekupwa, naye ameshuka pwani kuchokoa pweza. Akaja mgeni, mkusanyaji wa sarafu, amebeba kitabu cha picha na trei ya plastiki yenye vyumba vidogo vidogo. Habari za kopo alishazipata. Mimi nilikuwa nasoma Kiarabu chuoni, nikaona siku yangu ya kujionyesha imefika. Nikafungua vifundo, nikazimwaga zote kwenye sinia. Kimoja tu, cha kijani, fundo lake lilikuwa limekazana kwa unyevu, nikakirudisha kopo.

Sarafu nyingi za shaba za Kilwa hazina mwaka wala jina la mji. Upande mmoja pana jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zina vina. Niligeuza moja nikasoma: Ali bin al-Hasan. Nikaigeuza tena: yathiku bi-maula al-minan, anamtumainia Bwana wa neema. Ubeti mzima juu ya kipande cha shaba! Nilisoma kwa sauti, mgeni akapanga: Ali chumba hiki, al-Hasan bin Sulaiman chumba kile. Zisizosomeka alizisukuma pembeni. Moja niliisugua kwa ndimu na majivu ili ing'ae. Kutu ikatoka, na herufi zikatoka nayo.

Shangazi alirudi adhuhuri, pweza wawili mkononi. Akatazama sinia, kisha akavitazama vitambaa vilivyolala mkekani, vitupu. Mgeni hakumsemesha. Akaniuliza mimi:

"Mwanangu, za Husuni zipi hapa?"

"Shangazi, tumezipanga kwa masultani."

"Nimekuuliza masultani?"

Mgeni akataja bei. Shangazi akakataa, akazikusanya sarafu zote kwa viganja na kuzirudisha kopo. Vitambaa alivifua, akavianika.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa ukubwa wa nilichofanya. Wataalamu walibishana sana kuhusu zama za yule Ali bin al-Hasan, na kusoma jina lake tena na tena kusingewasaidia. Lililosaidia ni sarafu zilizochimbuliwa mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba: zaidi ya 2,000 ndogo za fedha, za Ali zikiwamo, zimelala pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi, watawala wa Misri wa zamani, na dinari zile zina tarehe. Hapo Ali akasogezwa nyuma hadi karne ya 11. Tena ng'ambo ya Kisiwani, Songo Mnara, zilikutwa zaidi ya 300 zimefukiwa pamoja, za Ali zikiwa na za al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Maana yake pesa ya Ali ilikuwa bado mikononi mwa watu karne tatu baadaye. Je, kwenye kitambaa chekundu cha shangazi Ali alikuwa na al-Hasan pamoja? Jibu lilikuwamo kwenye kopo. Nililimwaga mimi.

Ndiyo maana nasema, na wenzangu wanakasirika: katalogi inayoanza na majina ya watawala imeanzia pasipostahili. Sarafu adimu inayong'aa, isiyojulikana ilikotoka, kwangu ni maskini kuliko ile iliyochakaa isiyosomeka ambayo mtu anaweza kukuonyesha palepale ilipolala. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Zilikuwa za shaba, za kawaida kabisa. Lakini aliweka alama kwenye ramani mahali alipoziokota, na kwa alama hiyo watu wanazizungumzia hadi leo. Na sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Siku hizi ningemwomba hata shangazi aziache ardhini, aite wanaojua kuchimba.

Alipofariki tulilipeleka kopo kwa watu wa mambo ya kale. Kijana aliyetupokea alikuwa na daftari. Akahesabu sarafu, akauliza zilikotoka. Nikasema Kisiwani. Kisiwani wapi? Nikanyamaza, naye akaandika "Kilwa Kisiwani" tu, mstari mmoja kwa sarafu zote.

Kisha akakuta kile kifundo cha kijani. Binamu yangu akasema hicho mama alikuwa akikijazia kwenye lile shamba la nyuma ya Msikiti wa Jangwani, upande wa kusini, penye mbuyu. Kijana akafungua ukurasa mpya. Aliandika kwa muda mrefu, akachora mbuyu na njia, ndipo akachukua kibano akaanza kulilegeza fundo taratibu.