Usifute

Juzi kwenye lifti binti yangu kaniuliza kwa nini inapiga mluzi kabla ya kuondoka. Nikamwambia ni draivu, inaukatakata umeme ili mota ianze taratibu. Hakuridhika, lakini mimi nilishahama kimawazo: nilikuwa kwenye kiwanda cha sukari, msimu ule wa miwa.

Niliitwa pale kutafuta hitilafu. Pipa la kutenganisha sukari na molasi lilikuwa linachelewa kusimama. Walionitangulia walishabadilisha kebo, kadi, hata mota. PLC, kompyuta ndogo inayoongoza mashine, haikulalamika, skrini kijani tupu.

Nikamwomba opereta wa usiku, mzee mmoja mpole, aendeshe kama kawaida. Mimi nikasimama mbele ya paneli nikiangalia namba moja tu: volti za DC, umeme wa mkondo mmoja, ndani ya draivu ya pipa hilo. Pipa likiwa kwenye kasi yake zilitulia 560 na ushee, sawa kabisa kwa umeme wa volti 400. PLC ikaamuru kasi ipungue. Hapo mota hugeuka jenereta: pipa zito linaizungusha yenyewe, na umeme unarudi kwenye draivu. 610. 680. Kazi ya rezista ya breki ni kuumeza umeme huo na kuugeuza joto. Nikasubiri imeze. 740.

"Sasa hivi inakata, fundi," mzee akasema bila kugeuka.

800. Draivu ikatripu, yaani ikajizima kujilinda. Mluzi ukakatika, pipa likaendelea kuzunguka kwa nguvu zake lenyewe. Halafu relei ikalia ta! na draivu ikajifuta hitilafu. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu.

Rezista ilikuwa imekatika ndani, kazi ndogo. Kilichoninyima usingizi ni nilichokikuta kwenye programu ya PLC: draivu ikitripu, subiri kidogo, futa hitilafu, endelea. Kimya kimya, na watu wamesimama pale na makoleo! Nikaitoa mistari hiyo, nikaweka kengele na kitufe ambacho lazima mtu aje akibonyeze.

Meneja wa uzalishaji alinuna. Naye alikuwa na hoja: mashine ikisimama, miwa iliyokwisha kukatwa inapoteza sukari uwanjani. Mzee hakuegemea upande wowote. Alishazoea kuhesabu kwa masikio.

Msimu uliofuata nikasikia mistari imerudishwa. Safari hii juu yake wameandika: USIFUTE.