Saini ya Mlezi Katika Kitabu cha Mhitimu

Wiki iliyopita mhitimu mmoja wa ubunifu majengo, ambaye nimekuwa mlezi wake wa kitaaluma kwa mwaka wa pili sasa ingawa ameajiriwa katika ofisi nyingine, aliniletea kitabu chake cha kumbukumbu za kazi, anachojaza akijiandaa kusajiliwa, ili nikitie saini. Miezi mitatu yote ilikuwa imejazwa kwa mwandiko safi: michoro ya milango, michoro ya vyoo, marekebisho ya ngazi, kupeleka michoro halmashauri kwa ajili ya kibali cha ujenzi. Nilimwomba anioneshe siku aliyosimama saiti nondo zikikaguliwa kabla ya zege kumwagwa. Akanijibu kwa upole, "Kaka, ofisini bado hawajanipeleka saiti." Sikutia saini.

Nilimwelewa, kwa sababu nami nilipita humo. Baada ya miaka 5 ya masomo katika Chuo Kikuu Ardhi niliingia katika ofisi ambayo kwa miezi 14 haikunitoa kwenye kiti, huku mkubwa wangu akisaini kila ukurasa bila kuufungua. Nilipofika kwenye usaili wa usajili niliulizwa jambo ambalo msimamizi yeyote wa ujenzi hukutana nalo: mkandarasi akiomba kuongezewa muda kwa sababu ya mvua, nitamdai ushahidi gani kabla ya kukubali? Nilijua kuchora jengo zima hadi bawaba ya dirisha, lakini swali hilo sikuwa na jibu lake, na usajili wangu ulichelewa.

Hapa Tanzania shahada peke yake haimpi mtu ruhusa ya kujiita mbunifu majengo. Sheria Namba 4 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1997, imeipa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi jukumu la kumpima mhitimu baada ya kufanya kazi chini ya mtaalamu aliyesajiliwa. Wapo vijana wanaouona utaratibu huu kama kizuizi walichowekewa na wazee wanaolinda ulaji wao. Siwalaumu, lakini sikubaliani nao. Mbunifu ndiye kwa kawaida anayewaunganisha mhandisi na mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa gharama za ujenzi, anayetoa maelekezo kwa mkandarasi na kuidhinisha hati ya malipo inayotoa fedha za mteja. Tulioishi Dar es Salaam tunaikumbuka tarehe 29 Machi 2013, siku jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Kazi yenye uzito wa namna hiyo hakabidhiwi mtu kwa sababu tu anachora vizuri.

Ninachokilalamikia ni kwamba tumemwekea kijana sharti la kujifunza chini yetu, kisha hatumfundishi. Anakaa miaka akichora, mshahara wake hautoshi nauli na ada za usajili, na mwishowe anakata tamaa, anaanza kuuza ramani kwa simu kwa bei ya kutupa, na aliyesajiliwa anampigia muhuri mchoro ambao hakuusimamia. Tunamwita kishoka, nasi tuliosaini kitabu chake bila kukisoma ndio tuliomfikisha huko.

Hata marehemu Beda Amuli, aliyebuni Soko la Kariakoo na mapaa yake ya zege yaliyokaa kama miavuli, alifanya kazi katika ofisi ya waliomtangulia kabla ya kufungua yake. Tunaisifu miavuli ile, ila hatuzungumzii miaka iliyoitangulia.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu wangu. Jumamosi moja kila mwezi nakaa na wahitimu wawili, tunasoma kumbukumbu za kikao cha saiti, kisha nawapa tathmini ya mkadiriaji ya kazi iliyokwishafanyika ili kila mmoja aandike rasimu ya hati ya malipo, nami naandika yangu, na tunazilinganisha mstari kwa mstari hadi tujue tofauti imetoka wapi. Mara ya kwanza mmoja wao alisahau kukata fedha za dhamana, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi inayozuiliwa hadi kipindi cha matazamio, muda wa kurekebisha kasoro baada ya ujenzi. Kosa hilo hatalirudia maisha yake yote, na ni heri amelifanya mezani kwangu. Nawaeleza pia kwamba tangu mwaka 2011 yapo makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kutambuana kwa wabunifu majengo, hivyo usajili wanaouhangaikia unaweza kuwafungulia kazi nje ya mipaka yetu.

Kitabu cha yule mhitimu bado kiko mezani kwangu. Nimezungumza na msimamizi wake, naye amekubali kumruhusu siku ya Alhamisi, ambapo mkandarasi wa jengo tunalolisimamia Kigamboni atamwaga zege ya slabu ya pili. Nimemwambia avuke na pantoni ya alfajiri, aje na viatu vya saiti, futi kamba na michoro ya mhandisi, kwa sababu atakayehesabu nondo mbele ya fundi mkuu ni yeye, na mimi nitasimama nyuma yake.