Uchungu ukianza, usilale chali

Mama akifika leba, neno la kwanza analosikia mara nyingi ni "panda kitandani". Anapanda, anapimwa, kisha anabaki palepale chali mpaka mtoto atoke. Kitanda ni cha kupimiwa. Ukishapimwa na mkunga akasema wewe na mtoto mko salama, shuka.

Chali pana ubaya wake. Tumbo la miezi 9 linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ule unaopita mbele ya uti wa mgongo. Presha inashuka, mama anatokwa jasho na kizunguzungu, na damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua. Mapigo ya moyo wa mtoto yanapaswa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Yakianza kushuka mama akiwa chali, jambo la kwanza ni kumgeuza alalie ubavu wa kushoto.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linahesabu kwamba uchungu umekolea njia ikifunguka sentimita 5, na linashauri mama asiye na matatizo atembee na kukaa wima. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zilionyesha kwamba wanaofanya hivyo hupunguza hatua ya kwanza, ile ya njia kufunguka, kwa zaidi ya saa 1. Kwa mzazi wa kwanza, saa hiyo ni kubwa.

Mtoto akiwa bado juu, magoti yaelekee nje. Tembea, au panda ngazi kwa ubavu, mguu mmoja juu mwingine chini, ukishika ukuta. Wanaokaa milimani, Mabatini jijini Mwanza na kwingineko, wasitumie mawe kwa zoezi hili: tumbo limebadilisha mizani ya mwili, na jiwe lenye unyevu halisamehi. Kigoda imara kinatosha. Weka mguu mmoja juu yake, egemea taratibu upande huo uchungu ukija, maumivu matatu hivi, halafu badilisha mguu. Nyonga inafunguka zaidi upande ulioinuliwa, na mtoto anapata nafasi ya kugeuza kichwa.

Maumivu yakiwa ya kiuno tu, bila kupumzika, huenda kisogo cha mtoto kimeelekea mgongoni mwako. Piga magoti kwenye mkeka, mikono chini, au egemea kiti. Anayekusindikiza aweke kisigino cha kiganja juu ya mfupa bapa wa chini ya kiuno, juu kidogo ya mpasuo wa makalio, akandamize kwa uzito wa mwili wake tangu uchungu unapoanza mpaka uishe. Asisugue, akisugua ngozi inachubuka na maumivu yako palepale. Mkao huu unapunguza maumivu ya mgongo, lakini hauna uhakika wa kumgeuza mtoto, kwa hiyo usikate tamaa asipogeuka.

Badilisha mkao kila nusu saa hivi, na ukojoe kila saa 2. Kibofu kilichojaa kinaziba njia ya kichwa.

Usisukume kabla njia haijafika sentimita 10. Ukisukuma mapema, mlango wa kizazi unavimba na kazi inarudi nyuma. Hamu ikikuzidi, lala ubavu au inama magoti na kifua chini, na upumue kwa kupuliza mfululizo.

Wakati wa kusukuma mambo yanageuka: sasa magoti yaelekee ndani kidogo na visigino nje, kwa sababu hapo ndipo sehemu ya chini ya nyonga inapanuka. Kuchuchumaa kunasaidia mtoto kushuka, lakini miguu inakufa ganzi, hivyo kaa kati ya uchungu mmoja na mwingine. Kichwa kikianza kuonekana, lala ubavu: kinatoka polepole na msamba unapata muda wa kutanuka. Wanaojifungua wima huongezewa njia mara chache zaidi, ila damu inayopotea inaweza kuwa nyingi kidogo, kwa hiyo mkunga awe ameandaa oksitosini, dawa ya kupunguza damu kuvuja, uniti 10 ya kuchoma mara mtoto anapotoka.

Usitembee ukiwa unatoka damu, una presha ya juu na kichwa kinauma sana, au chupa imepasuka na umeambiwa kichwa bado kiko juu. Chupa ikipasuka hivyo, kitovu, yaani kamba ya mtoto, kinaweza kutangulia. Ukikiona au kukihisi ukeni, usikirudishe: piga magoti, kifua chini, makalio juu, na usafiri uitwe mara moja. Ndiyo maana anayeishi Ukerewe au visiwa vingine asisubiri uchungu umkute ng'ambo ya maji. Avuke mapema asubirie mjini.

Ukienda kliniki wiki ya 36, uliza mambo mawili: naruhusiwa kuingia na msindikizaji, na nikitaka kujifungulia ubavu itakuwaje? Beba mkeka, khanga za kutosha na kandambili zisizoteleza. Ukiambiwa lazima kitandani, omba kichwa cha kitanda kiinuliwe, halafu viringisha kitenge na ukiweke chini ya ubavu wa kulia, ili tumbo liegemee kushoto.