Tanga na Mombasa, Majirani wa Bandari

Marehemu babu yangu alikuwa akirudi kutoka bandarini Tanga na singa za katani zimenasa kwenye shati, na ule ukavu wa harufu yake naukumbuka hadi leo. Wakati huo meli kubwa zilitia nanga mbali kwa sababu maji ya gatini yalikuwa machache, kwa hiyo kila robota lilipakiwa kwanza kwenye tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, likavutwa hadi ubavuni mwa meli, kisha likanyanyuliwa upya. Mzigo ulishikwa mara mbili, na nyumba nyingi za Ngamiani, yetu ikiwamo, zilikula kwa hiyo mara ya pili.

Nyuzi za plastiki ziliiangusha bei ya mkonge, viwanda vikadhoofika, nasi tukabaki kuitazama Mombasa kwa kijicho. Kumbe nako kulikuwa na yake: kiwanda cha Changamwe, kilichoanza mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na reli mpya ya 2017 ilipoanza kupeleka makontena moja kwa moja Nairobi, wenye malori walilalamika kwamba riziki inawapita mlangoni.

Sasa lango la bandari ya Tanga limechimbwa hadi mita 13, meli zinafunga gatini zenyewe, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangiwa kuishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Nafurahi, ila najiuliza bomba likishakamilika litahitaji makuli wangapi.